Kuwatambua na Kuwamaliza Wadudu na Panya wa Nyumbani Katika Nyanda za Juu Kusini

Watu wengi wanaohamia Mbeya, Iringa, Njombe au Makete wakitokea Pwani hudhani kwamba baridi itawaondolea wadudu wa nyumbani. Ni kweli kwamba mbu hupungua sana katika miezi ya Juni hadi Agosti, lakini kunguni, viroboto, mende na dumuzi wanaobungua mahindi hawafi kwa baridi ya huku. Hupunguza kasi tu. Mayai ya kunguni ambayo mahali penye joto yangeanguliwa ndani ya siku sita hadi kumi, katika chumba chenye nyuzijoto 18 hivi huweza kufika wiki tatu, na mdudu mzima aliyekosa chakula huishi muda mrefu zaidi kwa sababu mwili wake hautumii nguvu nyingi. Hapo ndipo wengi wanapopotea: mtu hupulizia dawa, hulala kwa amani siku kumi, huamini kazi imekwisha, kumbe mayai bado yamo kwenye nyufa yakisubiri wakati wake. Ratiba za kurudia dawa zinazotajwa katika mwongozo huu zimerefushwa kwa sababu hiyo.

Tambua kwanza, nunua dawa baadaye

Kosa linaloongoza katika mikoa hii linatokana na wingi wa dawa za shambani. Karibu kila nyumba inayolima viazi au nyanya ina kifuko cha mankozebu stoo, na wapo wanaoikoroga na kuipulizia kitandani. Mankozebu ni dawa ya ukungu wa mimea. Haimuui kunguni wala kiroboto, bali humwachia mlalaji sumu ya kuvuta usiku kucha. Dawa za magugu nazo haziui wadudu. Kabla ya kwenda duka la pembejeo, basi, hakikisha unamjua unayepambana naye.

Anza na mwili wa anayelalamika. Alama zilizojipanga kwa mstari au kwa kikundi mabegani, shingoni na mikononi, zikionekana asubuhi, huelekeza kwa kunguni, ingawa ngozi za watu wengine hazioneshi alama yoyote hata wakiumwa kila usiku. Alama ndogo zenye kitone chekundu katikati, zilizojaa vifundoni na chini ya magoti, ni za viroboto. Vaa soksi nyeupe ndefu, tembea chumbani polepole, na baada ya dakika chache utawaona wameganda kwenye soksi. Ikiwa muwasho uko katikati ya vidole, viganjani, kiunoni na sehemu za siri, unazidi usiku na umewapata watu kadhaa wa nyumba moja, huenda ni upele wa ngozi. Huo husababishwa na kidudu kisichoonekana kwa macho, na tiba yake iko kituo cha afya, ambako watu wote wa nyumba hutibiwa kwa pamoja. Chawa wa mwilini hukaa kwenye mishono ya nguo, hasa masweta na makoti yanayovaliwa siku nyingi bila kufuliwa, jambo la kawaida kwenye baridi. Na katika nyumba za udongo zenye sakafu ya vumbi, usisahau papasi, anayefanana na kipande cha ngozi iliyokunjamana, hujificha kwenye nyufa za ukuta na sakafu na kunyonya damu usiku. Papasi hueneza homa inayokuja na kuondoka, kwa hiyo mwenye homa ya namna hiyo aende hospitali na aeleze mahali anapolala.

Kunguni

Kunguni hawaji kwa sababu ya uchafu. Husafiri kwenye mabegi ndani ya mabasi, kwenye masanduku ya wanafunzi wanaorudi kutoka shule za bweni, kwenye vitanda vya gesti, na kwenye magodoro na makochi yaliyonunuliwa yakiwa yametumika. Mama mwenye nyumba safi kabisa huweza kuwapata, na aibu ndiyo inayowafanya watu wakae kimya mpaka wadudu wajae nyumba nzima. Ukipanga nyumba yenye vyumba vingi ndani ya ua mmoja, mwambie jirani yako mapema, kwa kuwa kutibu chumba kimoja kati ya vyumba sita vilivyoungana hakusaidii kwa muda mrefu.

Kunguni mzima ana urefu wa milimita tano hadi saba, ni bapa, rangi ya kahawia, na akishiba hubadilika kuwa mwekundu na mnene. Mtoto wake ni mdogo sana na karibu hana rangi. Mayai ni meupe, marefu kiasi cha milimita moja, yamegandishwa ndani ya nyufa. Chukua tochi, lala chali chini ya kitanda, uangalie viungio vya fremu, matundu ya misumari, ncha za chaga, mshono wa godoro kuzunguka pande zote, mikunjo ya juu ya chandarua, nyuma ya kalenda iliyotundikwa ukutani na upindo wa pazia. Unatafuta vitone vyeusi kama vya kalamu ya wino, ambavyo ni kinyesi cha damu iliyosagwa, pamoja na magamba waliyovua wanapokua. Kunguni hupitia hatua tano kabla ya kukomaa, na kila hatua lazima anywe damu.

Ukishathibitisha, fuata mpangilio huu bila kuruka hatua.

Hatua ya kwanza ni kutotawanya. Usihamishie godoro sebuleni na usihamie kulala chumba kingine, kwa sababu kunguni hufuata joto la mwili na hewa unayoitoa, na utakuwa umewapelekea makazi mapya. Shuka, foronya, mablanketi, nguo zilizo karibu na kitanda na chandarua vitiwe kwenye mifuko ya plastiki humo humo chumbani, mifuko ifungwe, ndipo vitolewe nje.

Hatua ya pili ni joto, nami nalitegemea kuliko dawa yoyote. Kunguni na mayai yake hufa joto likifika nyuzi 50, mradi joto hilo lifike hasa pale walipo. Chemsha kila kinachovumilia kuchemshwa. Kwa sababu ya mwinuko, maji huku huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, lakini bado yanazidi sana kiwango kinachohitajika. Mablanketi mazito na makoti yasiyochemshika yanaweza kutiwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuanikwa juu ya bati kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, yakiwa yametandazwa tabaka jembamba na kugeuzwa mara kadhaa. Hapa pana tahadhari kwa watu wa Njombe na Makete: jua la Julai ni kali machoni, lakini upepo wake ni baridi, na blanketi lililokunjwa huweza kubaki la ubaridi katikati. Siku za namna hiyo tumia pasi ya mkaa, uipitishe polepole kwenye mishono na mapindo juu ya kitambaa chenye unyevu ili mvuke upenye. Vilivyotiwa joto visirudi chumbani mpaka hatua zinazofuata ziishe; vihifadhiwe kwenye mifuko safi iliyofungwa.

Hatua ya tatu, kitoe kitanda nje na ukifungue chote. Chaga zote, mbavu, miguu na ubao wa kichwani vimwagiwe maji yanayochemka, birika likielekezwa taratibu kwenye kila kiungio na kila tundu. Kitanda cha chuma chenye mirija mitupu kimwagiwe hadi ndani ya mirija. Godoro la sponji lisimwagiwe, kwa kuwa huchukua siku nyingi kukauka katika baridi hii na litaota ukungu. Lisuguliwe kwa brashi ngumu kwenye mishono, lipitishiwe pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, kisha livalishwe mfuko mzima wa plastiki nzito au kitambaa cha zipu kisichoacha upenyo. Kunguni waliofungiwa ndani huweza kuishi miezi mingi, kwa hiyo kifuniko hicho kikae mwaka mzima bila kutobolewa.

Hatua ya nne ni nyufa. Ziba kwa simenti au putti nyufa za ukuta na mahali ambapo sakafu inakutana na ukuta, na uondoe karatasi na magazeti yaliyobandikwa ukutani, maana nyuma yake ndipo wanapozaliana.

Hatua ya tano ndiyo dawa. Nunua ile ambayo lebo yake inataja kunguni na matumizi ya ndani ya nyumba, na ambayo imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Nyingi zilizoko madukani ni za jamii ya pairethroidi, zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya asili ya maua ya pareto, zao ambalo wakulima wa mikoa hii wanalijua vizuri na ambalo kiwanda chake kipo Mafinga. Pareto yenyewe huangusha wadudu haraka, lakini nguvu yake huisha upesi ikipigwa na jua, na mdudu aliyeanguka huweza kuamka. Zile za kutengenezwa hudumu zaidi, ila kunguni wa sehemu nyingi za dunia wamezizoea. Ukipulizia sawasawa na bado ukaona kunguni wakubwa wanatembea siku tatu baadaye, usiongeze kipimo. Tafuta dawa ya kundi jingine kwa ushauri wa afisa afya au mtaalamu wa kufukiza aliyeidhinishwa. Puliza kwenye nyufa, viungio na chini ya kitanda, kamwe si juu ya godoro wala kwenye shuka, na watu wote wakae nje ya chumba mpaka pakauke na hewa ibadilike.

Hatua ya sita, tenga kitanda. Kisogeze mbali na ukuta, kila mguu uukalishe ndani ya kopo lenye mafuta kidogo, blanketi lisiguse sakafu, kisha lala hapo hapo. Kunguni waliobaki ukutani watalazimika kupita sakafuni ili wakufikie, nao wataishia kwenye makopo au kwenye dawa.

Baada ya hapo, kagua kila wiki kwa tochi. Rudia maji ya moto na dawa baada ya wiki mbili, kisha wiki ya nne, na wiki ya sita. Sehemu za joto mara mbili huweza kutosha, lakini huku mayai yaliyotagwa siku moja kabla ya kupulizia kwanza yanaweza kuanguliwa wiki ya tatu. Hesabu kwamba umewamaliza pale tu ambapo miezi miwili imepita bila kitone kipya, bila gamba na bila alama mwilini.

Viroboto, na funza wa miguuni

Baridi huwafanya wengi wawaingize kuku, mbuzi na hata nguruwe wadogo jikoni usiku, na hapo ndipo viroboto wanapoanzia. Kiroboto mzima tunayemwona ni sehemu ndogo tu ya walioko nyumbani. Mayai huanguka kutoka kwa mnyama, mabuu hukua kwenye vumbi, na pupa, yaani buu anayegeuka kuwa kiroboto mzima, hujifungia ndani ya kifuko kinachozuia dawa. Pupa huweza kukaa miezi kadhaa bila kutoka mpaka ihisi mtikisiko au joto la kiumbe kinachopita. Ndiyo maana mtu anayefungua nyumba iliyofungwa tangu mwaka jana hushambuliwa na viroboto wengi ghafla, kana kwamba wamezaliwa siku hiyo.

Wahamishie mifugo kwenye banda lake. Mbwa atiwe dawa ya viroboto iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa, na paka atiwe ya paka. Dawa yenye permethrini inayomfaa mbwa huweza kumuua paka. Sakafu ya simenti ifagiliwe kila siku na takataka zichomwe. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kabla ya kufagia, isiribwe upya ili nyufa zizibe, na familia ikipata uwezo, isakafiwe. Usiku weka sahani pana ya maji yenye sabuni sakafuni, na juu yake taa. Viroboto huruka kufuata mwanga na kuzama, nawe utapata kipimo cha kama wanapungua. Dawa ya sakafu irudiwe baada ya wiki mbili na tena baada ya nne, na katikati tembea sana chumbani na kufagia kwa nguvu ili pupa zitoke zikutane na dawa.

Funza wanaoingia kwenye vidole vya miguu ni ndugu wa kiroboto na hustawi kwenye sakafu ile ile ya vumbi. Wasitolewe kwa pini inayopita mguu hadi mguu wa watoto wote, kwa kuwa hiyo ni njia ya pepopunda na maambukizi mengine. Zahanati watatoa kwa usafi na kuangalia chanjo.

Mende na sisimizi

Mende wakubwa wekundu, wenye urefu wa sentimita tatu na nusu au zaidi, hutoka kwenye chemba na vyoo. Dawa yao ni kufunika chemba vizuri, kuweka wavu kwenye matundu ya maji ya bafuni na kuziba mapengo yanayozunguka mabomba. Mende wadogo wa kahawia iliyofifia, wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, ndio wagumu. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 hadi yanapokaribia kuanguliwa, na katika baridi hukusanyika nyuma ya friji penye mota, chini ya jiko la gesi, ndani ya redio na nyuma ya saa ya ukutani. Dawa ya kopo ya kupulizia huwatawanya vyumbani, na kuitumia kwa hao ni kupoteza fedha. Tumia chambo: jeli ya mende inayouzwa kwenye sindano, ikitiwa vitone vidogo vingi karibu na maficho hayo, au asidi ya boriki iliyochanganywa na sukari na unga kidogo na kuwekwa mahali watoto na wanyama hawafiki. Usipulizie dawa nyingine karibu na chambo, la sivyo hawatakila. Osha vyombo usiku, funga ndoo ya taka, na ukaushe sinki, kwa sababu mende huvumilia njaa kuliko kiu. Usafishaji wa masizi na mafuta nyuma ya jiko hufanya nusu ya kazi.

Sisimizi wa sukari futa njia yao kwa maji ya sabuni na uzibe walipotokea. Siafu wakiingia, toa watoto wachanga na ufungulie kuku, kisha waache wapite; huondoka wenyewe ndani ya saa chache, na njiani hula mende wengi.

Panya

Mavuno ya mahindi hapa huanza Mei na kuendelea hadi Agosti, na panya wa shambani huyafuata magunia hadi ndani, wakati huo huo baridi ikiwasukuma. Kazi ya kuziba ifanywe Aprili, kabla gunia la kwanza halijaingia. Tazama kinyesi: chembe za milimita 12 hivi zilizochongoka ni za panya mkubwa, za milimita tatu hadi sita ni za panya mdogo. Tofauti hii ni ya maana, kwa sababu panya mdogo hupenya tundu linalopitisha kalamu.

Mahali panaposahauliwa ni pale mawimbi ya bati yanapolalia juu ya ukuta. Kila wimbi ni mlango, na panya wa darini hupanda ukuta wa tofali bila taabu. Ziba kwa wavu wa chuma uliosukumwa ndani na kushikwa kwa simenti. Matundu ya chini yajazwe stilwaya kabla ya kupakwa simenti, na mlango wa stoo upigiliwe bati chini. Kihenge au ghala la nje linyanyuliwe kwa miguu ya mita moja yenye koni za bati, mbali na matawi.

Mtego uwekwe ukiukabili ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa kuwa panya hutembea akiupapasa kwa ndevu zake. Panya wa darini huogopa kitu kipya. Uache mtego siku tatu ukiwa na dagaa au karanga bila kutegwa, kisha utege yote usiku mmoja. Mitego minane usiku mmoja hufanya kazi kuliko mtego mmoja kwa mwezi. Sumu zinazozuia damu kuganda huua baada ya siku kadhaa, na ziwekwe ndani ya kisanduku kilichofungwa chenye tundu la panya tu. Sumu isichanganywe kamwe na ugali au dagaa na kuachwa wazi. Ukiitumia darini, jiandae kutafuta mizoga.

Kinyesi kikavu kisifagiliwe. Kinyunyizie maji yenye dawa ya klorini, subiri, kisha futa ukiwa umevaa glavu. Mkojo wa panya ni miongoni mwa njia za kuenea kwa homa ya mgunda, iliyozuka Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022.

Mahindi na maharage yanayobunguliwa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu gunia lililobunguliwa ni ada ya shule iliyoliwa. Toa punje kiganjani uchunguze mdudu. Mwenye pua ndefu iliyopinda mbele ni fukusi. Mwenye umbo la kipande cha risasi, rangi ya kahawia ya giza, kichwa kikiwa kimefichwa chini ya mabega usiweze kukiona kutoka juu, ni dumuzi, ambaye wengi humwita skania. Huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na nchini aligunduliwa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Fukusi huacha punje zenye matundu. Dumuzi huacha unga mwingi, na hutoboa hata mbao za kihenge na kujificha humo akisubiri mavuno mengine. Hupenda sana mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake, kwa hiyo kupukuchua mapema peke yake kunampunguza.

Kausha mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13. Asiye na kipima unyevu atie chumvi kavu kijiko kimoja kwenye chupa kavu, ajaze mahindi robo, afunge na kutikisa kwa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi mno. Chumvi ikibaki kavu, ongeza bado siku moja au mbili za jua, kwa maana kipimo hiki hugundua unyevu wa zaidi ya asilimia 15 tu. Huko Rungwe, ambako ukungu na manyunyu huendelea baada ya mvua za masika, anika juu ya turubai au kichanja na ufunike kabla ya saa kumi jioni. Mahindi mabichi yakifungwa huota kuvu wanaotoa sumukuvu, na hiyo haiondoki kwa kupika.

Safisha ghala, choma mabaki ya msimu uliopita na magunia yaliyotoboka, na ukague nguzo. Kisha chagua njia moja kati ya mbili.

Ya kwanza ni dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka. Chagua yenye viambato viwili, mfano pirimifosi-methili na permethrini, kwa sababu cha kwanza humweza fukusi na cha pili humweza dumuzi. Tandaza mahindi juu ya turubai nje, vaa barakoa na glavu, nyunyiza kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kwa gunia, geuza kwa koleo mpaka vumbi lienee, ndipo ujaze. Heshimu siku za kusubiri kabla ya kula, na uandike tarehe kwenye gunia, kwa kuwa nguvu ya dawa huisha baada ya miezi kadhaa.

Ya pili, ambayo kwa mahindi ya kula nyumbani naipendelea, ni mifuko isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la nje. Wadudu waliomo humaliza hewa, wakaacha kula na kufa. Siri ya mifuko hii iko katika kufunga: kandamiza kila tabaka kutoa hewa, lisokote, likunje na kulifunga peke yake kabla ya kufunga linalofuata. Ondoa vipande vya magunzi vinavyotoboa. Usiufungue ndani ya miezi miwili ya mwanzo, na uweke juu ya vichanja, mbali na ukuta na panya.

Maharage yana mdudu wake, mfupi, wa kijivu, asiye na pua ndefu, anayeanza kutaga shambani maganda yanapokauka. Yavunwe na kupurwa bila kuchelewa. Wenye maharage machache ndani ya ndoo wana njia isiyogharimu kitu: ndoo isijae kabisa, ifungwe, na ibiringishwe sakafuni asubuhi na jioni kwa miezi miwili. Buu anayetoka kwenye yai huhitaji muda mrefu akiwa amejiegemeza ili atoboe punje, na kila ukibiringisha hupoteza tundu alilolianza na kufa. Majivu makavu yaliyochekechwa pia husaidia, yakiwa mengi ya kujaza nafasi kati ya punje.

Mchwa na wadudu wa mbao

Vichirizi vya udongo vinavyopanda ukutani ni vya mchwa. Unga mkavu chini ya kenchi, wenye vitundu vidogo juu ya ubao, ni wa wadudu wanaotoboa mbao. Kumbikumbi wanaotoka sakafuni ndani ya nyumba mvua za Novemba zinapoanza ni dalili kwamba kichuguu kipo chini ya msingi. Kupangusa kichirizi hakutoshi. Udongo kuzunguka msingi utibiwe na mtu mwenye mafunzo, mbali na kisima. Kwa anayejenga, mbao za paini zinunuliwe zilizotiwa dawa na dawa iwe imepenya ndani: kata ncha ya kipande kimoja uone rangi imefika wapi.

Dawa zenyewe

Vidonge vya kufukizia nafaka vinavyotoa gesi ya fosfini havina nafasi katika nyumba inayolaliwa. Gesi hiyo hupenya mlango na dari, na kuna familia zilizopoteza watoto kwa sababu magunia yalikuwa chumba cha pili. Ukisikia harufu ya kitunguu saumu au samaki waliooza karibu na nafaka iliyotiwa vidonge, toa watu wote nje, hata kama ni usiku na kuna baridi.

Usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda au kufungwa kwenye karatasi bila lebo. Usihamishie dawa kwenye chombo cha chakula. Makopo matupu yatobolewe yasitumike tena kuchotea maji. Mtu akimeza dawa, usimtapishe na usimpe maziwa. Akimwagikiwa, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni ukiwa umevaa glavu. Kwa vyovyote vile mpeleke hospitali mara moja pamoja na kopo au pakiti yenyewe, kwa sababu tiba ya sumu ya panya inayozuia damu kuganda ni tofauti kabisa na tiba ya dawa ya wadudu, na daktari ataijua kwa kusoma kiambato kwenye lebo. Aliyekula sumu ya panya apelekwe hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa damu huanza kuvuja baada ya siku kadhaa.